Kura ya Nyumba ya Unggat

Nyumba ya Unggat, Mto Sebirak
11 Februari 1996

Shemeji Sanggau,

Habari za Johor. Sisi hapa tunaendelea, na mama anaendelea kwa hali yake. Anakula, analala, ila sasa anasahau. Juzi alitia mchele kwenye sufuria ambayo tayari ilikuwa na mchele, tukala wali mpaka mbwa wakaukataa. Mimi ananijua na mjukuu wake Dimah anamjua. Wewe anaulizia kama shule bado haijafungwa.

Dimah yuko bweni Nanga Engkaya, kidato cha pili, na mwalimu wake anasema akili anayo ila anazungumza mno. Mpunga wa juu mlimani umeiva. Wa chini ndege wamekula karibu wote. Pilipili manga bei imepanda kidogo, lakini kuibeba kutoka shambani mpaka gatini migongo inatuuma, barabara ndiyo hiyo unayoijua, yaani haipo.

Sasa neno lenyewe. Ni nusu mwaka tangu kaka yako atutoke. Vitu vyake nimevifunga kama inavyotakiwa: mtungi, panga la baba yenu, blanketi alilofumiwa na mama, koti lake na kitambulisho. Viko kichwani pangu ninapolala. Mila unaijua. Mpaka mwanamume wa damu yake avipokee mkononi mwangu na kuvivusha mto kwenda makaburini, mimi nimefungwa. Sivai hereni, sichezi ngoma, silali nyumba nyingine. Na nyumba nzima, kila mlango na familia yake, imefungwa nami. Belayong wamekwishamchagua awe mkuu, lakini hawezi kuitwa mkuu, na nyumba haiwezi kuchukua jina lake, kwa kuwa mwenye jina la sasa, kaka yako, bado hajaagwa. Humu ndani hatulitamki jina hilo, na nje ndilo anwani yetu.

Mwanamume wa damu yake ni wewe tu. Njoo sikukuu ya mavuno, mwezi wa sita. Sikuandikii kwa hasira. Mazishini hukuja, nimekwisha kuacha kulifikiria hilo.

Shemeji yako,
Lamit


Kambi ya wafanyakazi, Pasir Gudang
3 Machi 1996

Shemeji Lamit,

Barua yako ilifika imelowa pembeni lakini inasomeka. Nashukuru kusikia mama anakula. Mwambie shule bado, nitakuja ikifungwa.

Mimi nipo. Kazi ni ileile, ndani ya matangi ya meli, napuliza mchanga kwa mashine kutoa kutu. Ukitoka humo masikio yanaendelea kuvuma mpaka usingizini. Vidole vya mkono wa kulia vimekufa ganzi. Nikishika kikombe cha chai sijui kama ni cha moto mpaka nione moshi. Sisemi hivi unionee huruma. Wenzangu wote wako hivyo, hatuzungumzii tena.

Sikukuu ya mavuno wametupa siku mbili. Siku mbili nitafika Kuching na kugeuka. Msimamizi nimemuuliza, akasema meli haijui sikukuu ya mtu. Kwa hiyo mwezi wa sita sioni. Vitunze, visilowe, mtungi usiupe jua.

Nalala chumba kimoja na Changgai, mtu wa mto Engkaya, ule mwingine. Anasoma gazeti la kufungia samaki mpaka mwisho. Anasema wanachora upya majimbo ya uchaguzi, na letu limo. Anasema jimbo letu la Ulu Engkaya ni suruali iliyoanikwa: kiuno ni soko la Nanga Engkaya, mguu mmoja ni mto wao, mguu wa pili ni mto wetu. Sasa serikali imeshika mkasi. Nikamuuliza watakata mguu gani. Akasema, "Unaovaliwa na mtu mbishi." Wa kwao ndio mbishi, kwa hiyo anacheka kwa woga.

Kuna la kweli katika hayo? Mmesikia chochote huko?

Sanggau


Nyumba ya Unggat, Mto Sebirak
29 Machi 1996

Shemeji Sanggau,

Tumemaliza kuvuna. Ghala limejaa nusu. Mama alikaa kibandani shambani anafukuza ndege ambao walikuwa wameondoka wiki nzima nyuma, tukamwacha, alikuwa na furaha.

Umeuliza kama tumesikia. Tumesikia. Penghulu Kudang amekuja mwenyewe, maana yeye ni mkubwa wa nyumba zote za mto huu na habari za serikali hupita kwake. Alikaa barazani pamoja na watu wa milango yote, mimi nikiwa namimina kahawa. Nakueleza alivyotueleza.

Mpaka mpya wa jimbo unapita katikati ya mto Sebirak. Ukingo wa kulia ni Ulu Engkaya kama zamani. Ukingo wa kushoto, tulipo sisi, umetupwa jimbo la Bukit Limau, lile la bondeni lenye mashamba ya kampuni. Lakini kwenye ramani ya tume ya uchaguzi sisi hatupo ukingo wa kushoto. Unakumbuka mwaka 1989 mto ulipokula ukingo tukahamisha nyumba, tukavuka. Hakuna aliyekwenda mjini kusema. Ramani bado inaonyesha Nyumba ya Unggat upande wa kulia, pale palipobaki miti ya durian na makaburi. Kwa hiyo daftarini sisi ni wapiga kura wa Ulu Engkaya, na kituo cha kura ni baraza letu.

Sasa, tukimtangaza Belayong, karatasi ya jina jipya itakwenda mjini. Watasema Nyumba ya Belayong ni ipi hii, watatuma mtu, ataona tulipo, na tutaandikwa Bukit Limau. Kule mgombea wa serikali hushinda kwa maelfu, kura zetu hazimshughulishi mtu. Ulu Engkaya ndiko wanakotuhitaji, na Ulu Engkaya ndiko iliko barabara. Mgombea ameahidi kuileta kutoka kambi ya magogo mpaka kwetu. Penghulu anataka tusiguse chochote mpaka uchaguzi upite. Marehemu asiagwe kwanza.

Akasema, "Alikuwa mtu wa serikali siku zote. Aisaidie serikali mara moja tena."

Subang wa mlango wa jirani akamjibu, "Penghulu, kumbe maiti wako wana kazi na vijana wetu hawana."

Watu wakacheka, yeye pia akacheka. Kisha mikono ikanyooshwa, wote wakakubali kungoja, kwa ajili ya barabara. Mimi hakuna aliyenigeukia kuniuliza. Uchaguzi ni mwezi gani, Penghulu hajui. Wanasema wa tano, wengine wanasema mwisho wa mwaka.

Wakati wa kuondoka alinivuta pembeni, akaniambia kitambulisho cha marehemu nisikirudishe ofisini, nikae nacho. Sikumuuliza cha nini.

Lamit


Pasir Gudang
2 Mei 1996

Shemeji Lamit,

Salamu kwako na kwa mama na kwa Dimah mzungumzaji. Huku mvua, kazi za nje zimesimama, za ndani ya tangi hazisimami.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Naona nyumba imeamua vizuri. Kudang ni mjanja lakini hesabu yake siyo ya uongo. Baba alitusimulia uchaguzi wa kwanza kabisa, walivyomchagua mtu wa kwanza wa Sebirak kumaliza shule. Miguu yote miwili ikampa, na kiuno kikampa. Akaenda bungeni Kuching, akarudi amenenepa mpaka kiti chake kwenye boti kimeongezwa mbao. Mwaka 1983 hakuwa na mpinzani, hatukupiga kura, tulikula nguruwe wake basi. Mwaka 1987 mto Engkaya ukaasi kwa sababu ya magogo yao, sisi tukabaki na serikali, Wachina wa sokoni wakagawanyika. Mwaka 1991 serikali ikashinda kwa kura hamsini na kitu. Nyumba yetu peke yake ina wapiga kura zaidi ya hapo. Mimi na Changgai tunabishana hili kila siku. Ananiita mtu wa kunyoosha mkono. Namwambia, na nyinyi mmekunja ngumi tangu 1987, mmepata nini? Anasema, "Ngumi tumepata."

Kwa hiyo ngojeni. Kungoja hakuna ubaya, barabara itamsaidia mama akiugua.

Kuna jambo jingine. Changgai ana binamu anayeendesha boti ya abiria. Huyo kamwambia kwamba Munan, yule aliyefiwa na mke, wa nyumba ya bondeni, huleta samaki gatini kwetu kila Jumapili na hawauzi. Changgai akaniuliza mbele ya watu, "Samaki asiyeuzwa anapikwa mlango gani?" Nakuuliza wewe.

Sanggau


Nyumba ya Unggat
9 Juni 1996

Shemeji Sanggau,

Sikukuu imepita. Milango mingine walipiga ngoma, sisi mlango wetu tulifunga. Mama alicheza peke yake jikoni, hakuna aliyemkataza.

Samaki wanapikwa mlango wangu. Mama anawapenda wale wadogo wa kukaanga. Munan akishawaweka gatini anaondoka, hapandi ngazi, kwa sababu anaijua mila kama unavyoijua wewe. Ulichotaka kuuliza hujauliza, kwa hiyo sijibu.

Mimi nina miaka thelathini na tano. Umeniambia kungoja hakuna ubaya. Wewe unangoja nini? Kabla ya uchaguzi kutajwa nilikuandikia, ukasema siku mbili hazitoshi. Mtoto wa Subang yuko Johor hukohuko, alirudi mwezi uliopita kumzika bibi yake, akakaa wiki nzima, akarudi kazini, hakufukuzwa. Sikuelewi, lakini sikulazimishi kunieleza.

Lamit


Pasir Gudang
21 Julai 1996

Shemeji Lamit,

Nimechelewa kujibu. Sikuwa mgonjwa.

Mtu wa chama alikuja kambini Jumapili, shati jeupe, na biskuti. Anawatafuta watu wa mtoni walioko Johor ili warudishwe nyumbani kupiga kura. Tiketi ya ndege kwenda na kurudi, na kampuni imekubali kuwaachia watu siku tano. Mimi jina langu halipo daftari la kwetu. Nilipoanza hapa nilihamisha kitambulisho kije Johor ili nipate kitanda. Nikamwambia, basi mimi simo.

Akatazama karatasi aliyopewa na Kudang. Akaniuliza, "Unggat mwana wa Bayang ni nani wako?"

"Kaka yangu. Amekufa."

"Humu hajafa. Mnafanana?"

Kabla sijajibu Changgai akadakia kutoka kitandani kwake, "Akivaa koti la kaka yake, mbu hatawatofautisha."

Wakacheka. Mtu wa chama akaandika. Sasa nina tiketi, na ni kwa ajili hiyo tu. Nitakuja, nitapiga kura ya kaka, kisha jioni nitapokea vitu nikuache huru. Yote mara moja. Kitambulisho kitoe kwenye fungu ukiweke tayari.

Naona hii ni njia nzuri. Na wewe useme kama huoni hivyo.

Sanggau


Nyumba ya Unggat
18 Agosti 1996

Shemeji,

Sioni hivyo. Njoo, lakini siku utakayofika upokee vitu kwanza. Kura baadaye, au isiwepo kabisa. Vikishapokelewa ni vya marehemu, mtu aliye hai havishiki tena, na mambo yatakuwa yamekwisha. Ukianza na kura, utakuwa umekaa mezani kwa jina lake ndani ya nyumba ambayo hatujalitamka mwaka mzima. Mama anasahau kila kitu, lakini hilo hajalisahau. Hajalitaja hata mara moja. Nakuomba hili tu.

Lamit


Pasir Gudang
6 Oktoba 1996

Shemeji Lamit,

Nilifika huku salama. Meli niliyokuwa naifanyia kazi imekwisha kuondoka, sasa nimepewa nyingine.

Nakuandikia kwa sababu kule hatukuzungumza. Ulinipa vitu bila neno, nami nilivipokea bila neno, na alfajiri boti ikanichukua. Pengine wewe unajua sababu na mimi najua, lakini niiandike.

Kudang alikuwa gatini siku niliyofika, kabla yako. Alinishika mkono, hakuuachia mpaka barazani. Aliniambia nikipokea vitu usiku ule, tiketi ya kurudia naifuta mwenyewe, na barabara ya nyumba nzima naifuta. Nilikuona umesimama mlangoni na fungu mikononi. Nikapita nikaketi na wanaume. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sikulazimishwa na mtu, niliketi.

Asubuhi wewe ulikuwa nje kwenye foleni ya wanawake, hukuona. Yule karani, binti mwalimu kutoka mjini, alichukua kitambulisho, kile nilichokikuta juu ya fungu pamoja na koti, akatazama picha, akanitazama mimi na koti. Nafikiri alijua. Akashuka na rula kwenye daftari mpaka kwenye mstari, akasoma jina kwa sauti ili mawakala wa vyama wasikie. Nikaitika. Wakala wa upinzani ni mtoto wa dada yake Belayong, tulikua naye, alitazama dari.

Nikiwa nyuma ya lile boksi nilimsikia mama, kutoka jikoni. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Mwambieni akimaliza aje ale."

Nilipiga alama ya serikali kama tulivyokubaliana. Ningependa kukwambia niliiacha karatasi tupu, lakini siyo kweli. Penseli sikuihisi.

Vitu nilivifikisha. Mimi na Belayong tulivuka jioni, tukapasua mtungi upande mmoja na kuuacha kichwani pa kaburi lake, na panga, na blanketi, na koti. Kitambulisho nilikitia ndani ya mtungi. Kwa hiyo umekuwa huru. Uvae hereni zako.

Sasa sijui nikuite shemeji au nikuite nani. Nimeandika shemeji kwa mazoea.

Sanggau


Nyumba ya Belayong, Mto Sebirak
3 Novemba 1996

Shemeji Sanggau,

Niite hivyohivyo, Dimah bado ni mtoto wa kaka yako.

Habari za nyumba ni hizi. Belayong ni mkuu sasa, ameua nguruwe, jina limebadilika. Serikali imeshinda Ulu Engkaya kwa kura mia tatu na zaidi, kwa kuwa safari hii soko lote lilikwenda upande mmoja. Kura za nyumba yetu hazikuhitajika, na ile moja ya kaka yako haikuhitajika kabisa. Barabara imeanza. Wapimaji walikuja na vyombo vyao vya miguu mitatu, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu mpaka Nyumba ya Unggat, yaani ukingo wa kulia, kwenye durian, karibu na kichwa cha makaburi. Belayong aliwapigia kelele kutoka ng'ambo. Wakampungia mkono. Amekwenda kwa Penghulu, na Penghulu amemwambia daraja ni ombi jingine, lipelekwe kwa mbunge. Mbunge ametuma jibu kwamba sisi tuko Bukit Limau. Wale wa Bukit Limau wanasema hatukuwapigia kura.

Hayo nayaandika tu, siyo ninayotaka kusema.

Tangu siku ile mama anamwekea kaka yako chakula. Sahani, maji ya kunawa, kila jioni, na wali anaufunika kwa jani usipoe. Anamwita kwa jina, kwa sauti, kutoka mlango mpaka mlango. Mwaka mzima hakulitaja, sasa halimtoki mdomoni. Mwanzo Subang alimweleza kwamba hayupo. Akamjibu, "Usinitanie. Nimemsikia akiitika."

Nimevaa hereni siku tatu. Siku ya nne alinivua mwenyewe nikiwa nimelala, akazificha, sijaziona. Aliniambia mumeo amechelewa leo, usijipambe mpaka aje.

Jumapili iliyopita Munan alikuja na wajomba zake wawili na mama yake mdogo, kwa adabu, na pombe ya mchele na jogoo, kuniposa. Wewe hukuniuliza, sasa nakwambia. Walikaa barazani, Belayong akaketi kwa niaba yetu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Mama akatoka na sahani yake, akawaangalia mmoja mmoja, akasema:

"Mwenye mke yupo. Amekwenda kupiga kura, anarudi."

Mtu mmoja alicheka, wa mlango wa mwisho. Wengine hawakucheka. Mjomba wake Munan aliuliza taratibu kama ni kweli marehemu alipiga kura, maana huko kwao imesikika hivyo. Mbele ya mawakala jina liliitwa na mtu akaitika, na ndani ya nyumba ya mila hilo si dogo. Yule mzee akasema hawawezi kumposa mwanamke ambaye mume wake ameitika mwezi uliopita, labda mambo yatulie. Wakabeba jogoo wao.

Munan mwenyewe alirudi kesho yake, akasimama gatini, akasema yeye hajali, niende tu. Nimemwambia nitakwenda. Nitashuka na boti tarehe 15 Desemba, kabla mito haijajaa. Dimah atakuwa na likizo, nitamchukua. Sitarudi nyuma kwenye hilo.

Ila mama siwezi kumbeba kumpeleka nyumba ya wanaume wale, na yeye hawezi kukaa peke yake na moto. Subang atamtazama mchana. Usiku atakuwa anamwita mtu, na hakuna atakayeitika. Sikuambii ufanye nini. Miezi yote nilikuambia, ukafanya uliyoyafanya.

Lamit


Pasir Gudang
24 Novemba 1996

Shemeji Lamit,

Barua yako niliipata Alhamisi. Nilipofika kwenye ile habari ya jogoo niliiweka chini, nikaenda kazini, nikarudi nikaimaliza.

Changgai nilimsomea. Alikuwa akinyoa ndevu. Hakunitania. Aliuliza tu, "Sasa mbunge wenu ni nani?" Nikamwambia hatuna. Akasema wao wanaye, wa upinzani, walimpitisha kwa mguu wao baada ya kukatwa na kushonewa jimbo jingine, na naye hajaonekana.

Nimemwambia msimamizi naacha kazi. Hakuuliza kwa nini, aliuliza kofia yangu ya chuma iko wapi nimrudishie. Viatu nimempa Changgai, vinamtosha. Tiketi safari hii nimelipa mwenyewe. Nitafika gatini tarehe 13 Desemba, kama boti hazikukwama. Wewe ondoka tarehe uliyosema. Usingoje hata siku moja kwa ajili yangu, na usimwage mama kwa maneno mengi, mwambie unakwenda kumpeleka Dimah kwa bibi yake mzaa mama. Hereni zitafute chini ya gunia la chumvi. Zamani alikuwa akificha vitu vyetu hapo.

Uliuliza mwezi wa sita nangoja nini, sikukujibu. Nilikuwa nadhani nisipokuja kaka atakuwa bado yupo hukohuko, anapalilia pilipili, na mimi niko kazini tu. Mambo ya mtu aliye mbali. Sikujua kwamba aliyekuwa akifungwa ni wewe. Nilijua, lakini sikuwa nahisi.

Riziki nitaitafuta huko. Kukata magogo, kupalilia, nitaona. Mkono wa kushoto bado una nguvu.

Wali auweke tu jioni, asikatazwe. Nitakuwa pale mlangoni. Akiniita Sanggau nitaitika, na akiniita kwa lile jingine nitaitika vilevile, nitaketi, nitakula.

Sanggau